Maneno Yaliyofungiwa Karanga

Sibwesa,
15 Februari 1976

Mdogo wangu Ponsian,

Pokea salamu za huku, zimelowa kidogo maana mvua haijakatika tangu Jumapili. Sisi wazima. Marta ameota jino la nne, na ameanza kusimama akishika ukuta. Akianguka anacheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Mama mkwe, Mama Emerensiana, kiuno kinamuuma lakini mdomo hauumi. Shemeji Gaspar amelima mpunga bondeni, na mke wake Marsela anakusalimu, anasema ukishapata upadri umkumbuke kwenye Misa maana dhambi zake ni za kila siku, haziwezi kusubiri Pasaka.

Mimi nipo kama mwanamke wa matanga anavyokuwa. Nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa, sokoni siendi, mtoni naenda na mtu. Ni miezi mitatu tangu tumzike mume wangu Severini. Nilikungoja mazishini, lakini nilielewa ulivyoandika kwamba Mkuu wa Seminari hakukuruhusu. Nyumba hii sasa naijua hata nikifumba macho. Toka kitandani mpaka jikoni ni hatua kumi na moja, kurudi ni kumi na mbili, sijui kwa nini.

Sasa neno lenyewe. Desturi ya kwao marehemu ni hii: baada ya mavuno matanga yanaanuliwa, mjane anakalishwa mkekani mbele ya watu, anaulizwa mara tatu kama anamkubali ndugu wa marehemu awe mume wake. Mimi nitaulizwa habari za Gaspar. Gaspar si mtu mbaya, Ponsian, na hiyo ndiyo shida yangu. Angekuwa mlevi ningejua pa kuanzia. Lakini simtaki, na Marsela ananitazama nikikoka moto kama vile nimeshamwibia chungu chake.

Mjane akikataa, hana ruhusa ya kuinuka mwenyewe. Ni mpaka mwanamume wa damu yake aje amshike mkono, amwinue pale mkekani, amtoe nje ya uzio. Baba hayupo, mama hayupo. Mwanamume wa damu yangu ni wewe tu.

Na nikiinuka ninapo pa kwenda. Sista Eufrazia wa zahanati moja ya Mpanda alipita hapa na chanjo za watoto, akanikuta nabahatisha kusoma karatasi ya dawa. Akasema mwezi wa tisa anachukua wanawake wawili wa kusaidia wodini, hata mwenye mtoto, mradi ajue Kiingereza kidogo. Na mimi darasa langu la nne unajua lilivyoishia, mmoja wetu ilibidi abaki nyumbani. Basi niandikie maneno. Usinipe maana tupu, inanitoka. Niambie neno limetokea wapi, kama ulivyonieleza likizo ile kwamba "breakfast" ni kuvunja mfungo, na mpaka leo sijalisahau. Naanza na haya matatu: "doctor", "husband", "free".

Umesema nisitumie tena anuani ya Seminari, nitumie ya Mzee Thadei. Nimeitumia. Utakuja mwezi wa nane?

Dada yako,
Dafrosa


Tabora,
9 Machi 1976

Dada Dafrosa,

Barua yako imefika na matope ya Sibwesa juu yake, nikafurahi kuyaona. Mimi nipo salama, kula nakula. Tabora ni joto na vumbi, mvua inatupita juu kama haitujui. Mbusu Marta. Mwambie Mama Emerensiana kiuno akikande kwa chumvi ya moto. Na Marsela mwambie namkumbuka.

Maneno yako matatu nitayatafuta, vitabu vinagombaniwa hapa. Kwanza chukua haya.

"Nurse". Limetoka kwenye Kilatini, neno la kunyonyesha na kulisha. Maana yake nurse wa kwanza duniani hakuwa na kofia nyeupe wala sindano. Alikuwa mama mwenye mtoto ziwani. Kwa hiyo Sista akikuuliza kama umewahi kufanya kazi hiyo, usione haya kusema ndiyo.

"Neighbour", jirani. Zamani kwao lilikuwa maneno mawili, karibu na mkulima. Mtu ambaye mashamba yenu yanapakana.

"Nice". Siku hizi ni kizuri, kitamu. Lakini lilipozaliwa maana yake ilikuwa mjinga, asiyejua kitu. Limezunguka mpaka limekuwa sifa. Ukiambiwa u nice usicheke haraka.

Habari ya mwezi wa nane ni ya Mkuu, tutaona.

Mdogo wako,
Ponsian


Sibwesa,
4 Aprili 1976

Mdogo wangu Ponsian,

Salamu nyingi toka kwetu na kwa majirani, yaani wakulima wa karibu! Umeona? Sijasahau. Marta anatembea hatua tatu, ya nne anakaa. Mpunga umechanua, nguruwe pori nao wamejua, Gaspar analala shambani kuwafukuza. Theopista, yule muuza dagaa aliyepika kwenye harusi yangu, amejifungua mapacha, mmoja hakukaa.

Maneno yako nilimsomea mama mkwe tukipepeta. Akasema, "Kwa hiyo Wazungu wanajua nurse ni mama, halafu wakituona zahanati wanatufokea?" Nikamwambia mama, si Wazungu wanaofoka, ni yule dada wa dirishani. Akasema, "Basi naye hajaambiwa asili yake, ukienda umwambie."

Marsela alikuwa anachagua mchele pembeni, akauliza bila kuniangalia, "Na mke mwenza, kwa Kiingereza wanamwitaje?"

Nikamwambia nafikiri hawana neno.

"Wana bahati," akasema.

Tukaendelea na kazi mpaka chakula kikaiva. Halafu akaniwekea kiazi kwenye sahani yangu, kikubwa kuliko chake. Sijui kilikuwa cha nini, nilikila hivyo hivyo.

Siku imepangwa. Ni Jumamosi tarehe 21 Agosti, mzee Leonidas ndiye atakayeuliza. Kila mtu ananiambia, utazoea. Wanasema kwa upendo, wananipa firigisi ya kuku, wananishikia mtoto, na kila wema unakuwa kama tofali jingine. Sista Eufrazia amepitisha ujumbe kwamba nafasi ipo mpaka tarehe mosi Septemba.

Yale maneno yangu bado nayangoja: "doctor", "husband", "free". Na ongeza "home". Hukunijibu kama utakuja. Usiandike tutaona. Andika ndiyo, au andika hapana, nijue ninakaaje hapa.

Dada yako,
Dafrosa


Tabora,
23 Mei 1976

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na kikohozi, sasa kimepungua. Poleni kwa mtoto wa Theopista.

"Quarantine" ni arobaini. Zamani meli ikitoka kwenye nchi yenye tauni, watu wake walizuiwa siku arobaini wasishuke, wanaiona nchi kavu na hawaikanyagi. Nilipolisoma nilikufikiria.

"Salary", mshahara, lina chumvi ndani yake, neno la Kilatini la chumvi. Watu wa Uvinza wanaopika chumvi wangelielewa bila kufundishwa.

"Sad" sasa ni mwenye huzuni. Zamani ilikuwa aliyeshiba. Ameshiba mpaka amechoka.

"Silly" sasa ni mpumbavu. Zamani ilikuwa aliyebarikiwa. Ndiyo hivyo, dada, heri inaweza kugeuka namna hiyo bila mtu kuiona.

"Sugar" na sukari yetu ni ndugu wa tumbo moja. Waarabu waliwapa wao, wakatupa na sisi.

Mengine sijayapata. Mwezi wa nane kuna mitihani.

Ponsian


Sibwesa,
13 Juni 1976

Ponsian,

Nakusalimu. Marta mzima, anakimbia sasa, anasema "toka" kwa kuku na kwa watu. Tumevuna, ghala limejaa, na watu wanafurahi mavuno yamekuja mapema. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naomba yachelewe.

Nataka nikuambie kitu na usikasirike. Maneno yako yote niliyanakili kwenye karatasi ya mfuko wa saruji nikaibandika ukutani kwa uji wa muhogo, niyaone nikinyonyesha. Nikayapanga kama ulivyoyatuma. La kwanza linaanza na N, la pili N, la tatu N. Halafu Q. Halafu S, S, S, S. Mimi nimeishia la nne lakini rejista ya shule naikumbuka, Mwalimu alikuwa anatuita kwa mpangilio huo huo kila asubuhi. Maneno yako yanakwenda mbele tu, hayarudi. Na niliyoyaomba mimi, D na F na H, yako kule nyuma, kwa hiyo hayaji. Kamusi yako haina mwanzo, Ponsian.

Na barua zako zina madoa ya mafuta, na zinanukia karanga. Seminari hawawapi watu karanga kila siku. Pasaka imepita hukutaja hata Misa moja, wewe uliyekuwa unaniandikia mpaka rangi ya kanzu za mapadri. Mitihani ya mwezi wa nane gani, na shule zote ziko likizo?

Sikuulizi umefanya nini. Nisingetaka kujua kwa barua. Mimi nakueleza tu kwamba pale mkekani hakuna atakayekuuliza Kilatini. Hawahitaji padri. Wanahitaji mwanamume aliyezaliwa na baba yetu, Telesphor wa Mamba, mwenye mkono. Njoo na shati lolote. Kama huna viatu, huku nani anavyo?

Siwezi kukataa halafu nikabaki nimekaa. Unanielewa? Nikikataa bila wewe, nakuwa mtu aliyekataa na hana pa kwenda. Jumamosi tarehe 21 Agosti.

Dafrosa


Tabora,
18 Julai 1976

Dada yangu Dafrosa,

Nimeshika kalamu mara nne. Salamu nitaandika mwishoni, nikianza nazo nitaishia hapo hapo.

Walinirudisha mwezi wa kumi mwaka jana. Mkuu hakunitukana. Alinipa chai, akasema, "Ponsian, kichwa unacho, wito huna, na mimi sina haki ya kukudanganya." Nikatoka na sanduku lile lile ambalo wazee wa kigango chetu cha Mamba walinichongea, lina jina langu juu na msalaba. Nilifika stesheni kukata tiketi ya Mpanda, nikaliangalia lile sanduku. Treni ikaondoka. Mzee Thadei alikuwa anauza karanga pale, akaniambia, kijana, ukisimama sana jua litakuangusha, kaa hapa unichambulie hizi. Nimekaa mpaka leo. Mkuu aliyenizuia nisije kumzika Severini ni mimi.

Mzee Thadei alipata kitabu kinene cha asili ya maneno ya Kiingereza, kwenye vitu vya Mhindi mmoja aliyehama, akakinunua kwa ajili ya kufungia karanga. Anachana kuanzia mbele. Nilipokigundua, A mpaka M zilishauzwa. Kila asubuhi nasoma kurasa za siku hiyo kabla hatujazichana, na zile nzuri nakuandikia. Sikukuchagulia maneno, dada. Nilikuwa nakupa yaliyobaki. Sasa tuko kwenye W. "Window", dirisha, ni jicho la upepo, limetoka kwa mabaharia wa kaskazini. "Widow", mjane, shina lake ni mtu aliyetengwa. Nilitaka kuliruka, nikaona ukilikuta kwingine itakuwa vibaya zaidi.

Jumatatu nilikwenda mpaka lango la Seminari. Sikuingia. Bruda wa maktaba alinijua, akaniletea kamusi yao pale pale langoni, akashika yeye, nikasoma nikiwa nimesimama. "Doctor" maana yake mwalimu. "Husband" ni mwenye nyumba. "Home" nilipolifungua kengele ililia, sikulimaliza. Lakini "free" nililisoma lote, mara mbili. Zamani lilimaanisha mpendwa. Kwenye nyumba walikuwapo watu wa aina mbili, wapendwa wa damu na watumwa, na wale wapendwa ndio walioitwa hivyo. Baadaye likawa tu mtu asiye mtumwa. "Friend", rafiki, ni ndugu yake.

Nitakuja. Treni ya Jumanne tarehe 17, Alhamisi nitakuwa Mpanda, Ijumaa natafuta lori la Sibwesa. Sanduku nitaliacha kwa Mzee Thadei.

Salamu kwa wote. Mbusu Marta.

Ponsian


Sibwesa,
26 Septemba 1976

Ponsian,

Marta mzima. Mama mkwe mzima, kiuno kimepoa. Wengine nao wazima.

Nimekuandikia barua mbili nikazichoma. Hii nitaituma.

Ijumaa nililala nimevaa. Kila lori lililopita barabara ya Karema nililijua kwa mlio. Jumamosi walinikalisha mkekani saa nne asubuhi. Watu walikuwa wengi, wa Mamba pia walikuja, mpaka wale wazee wa kigango. Walikuja kwa sababu nilikuwa nimetangaza, ndugu yangu anakuja. Nilitangaza kwa furaha, sikufikiria. Hilo kosa ni langu, nalichukua.

Mzee Leonidas akauliza mara ya kwanza, "Dafrosa, Gaspar huyu hapa. Unamkubali?" Nikasema, "Namngoja ndugu yangu."

Wakakubali kungoja. Wakapiga gumzo. Saa nane akauliza tena, nikajibu vile vile. Mmoja akasema, "Padri anatoka Roma kwa miguu nini?" Wakacheka, na mimi nikacheka, nikiacha kucheka ningelia. Miguu ilikufa ganzi. Marta akaja akakaa mkekani, akakojoa, akaniambia, "Mama, toka." Watu wakacheka zaidi. Jua likaanza kushuka nyuma ya ghala na chakula kilikuwa kinapoa.

Mara ya tatu mzee Leonidas alisimama kabisa. "Mwanangu, desturi haina kesho. Ndiyo au hapana."

Nikasema hapana.

Nikasikia kuku wanavyokwaruza. Nilikuwa nimekataa na hakuna mkono. Wakaanza kunong'ona, aachwe hapo hapo, akichoka atasema ndiyo. Nami nilikuwa nimechoka, Ponsian. Nilikuwa karibu. Nakuambia wewe tu.

Aliyezungumza alikuwa Gaspar. Alisema, "Mimi simtaki mtu kwa ganzi ya miguu. Kunjeni mkeka, aulizwe tena mavuno yajayo." Mzee Leonidas akasema halijawahi kufanyika. Mama Emerensiana akamwambia, "Na wali kulala bila kuliwa haujawahi. Watu wana njaa, kunjeni." Wakakunja na mimi bado niko juu yake, ikabidi nijiburuze kando kwa magoti. Sikuinuliwa, nilisogezwa.

Kwa hiyo bado niko kwenye nguo nyeusi, mwaka mwingine. Sokoni siendi. Hatua ni zile zile. Sista Eufrazia amechukua mwanamke wa Nsemulwa, lakini amesema mwakani atachukua wengine wawili, na ameniachia kitabu kizima cha dawa chenye mwanzo na mwisho. Nakisoma. Wanawake wa kisomo cha watu wazima wananiletea chupa zao za dawa jioni niwasomee, mara ngapi na vijiko vingapi. Marsela ndiye anayenishikia Marta.

Sasa lile ambalo nililichoma mara mbili. Theopista alikuwa Mpanda Alhamisi ile, anauza dagaa mtaa wa Kawajense. Alikuona. Umekaa kwenye benchi la mama mmoja wa uji, na shati jeupe lililopigwa pasi. Alifurahi, akakuita, "Si Ponsian wewe?" Ukamwambia amekufananisha. Ijumaa alikuona tena pale pale. Lori la Sibwesa lilikuwa linapakia upande wa pili wa barabara.

Ulivuka nchi yote hiyo, ukashindwa barabara moja.

Wazee wa kigango walipoondoka, yule aliyekuchongea sanduku aliniuliza kama wewe ni mgonjwa. Nikamwambia umerudishwa Seminari na unauza karanga stesheni ya Tabora. Ndiyo, nimesema, mbele ya wote. Akasema, "Basi si angekuja nazo tule?" Mambo yameishia hapo. Lile uliloliogopa Kawajense limechukua muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Baada ya mavuno nitakalishwa tena. Una mwaka mzima, na lori ni Jumatatu na Ijumaa. Usinitumie maneno mengine. Na usiniandikie kuomba msamaha, sijakusamehe bado, na sitakusamehe kwa posta. Njoo uuchukue kwa mkono wako.

Dada yako,
Dafrosa